Mwali wa Njano

Fundi alimwonyesha Priscilla kidirisha cha boila, mtambo wa gesi uliopasha nyumba joto. Mwali wa moto uliopaswa kuwa wa buluu ulikuwa wa njano, ukitetemeka.

"Imezeeka. Inatoa hewa ya sumu isiyonuka wala kuonekana," alisema, akaizima. "Usiiwashe. Jumatatu nitaleta mpya."

Ilikuwa Ijumaa, na theluji ilikuwa ikianguka mtaa mzima wa Thamesmead, London. Mama yake Priscilla, aliyefika juzi kutoka Kisii, alikuwa sebuleni amejifunika mablanketi mawili, vidole vimekufa ganzi.

"Mwanangu, hapa ndani ni baridi kuliko nje," alisema. "Siku tatu sitaziweza."

Priscilla alirudi jikoni kwenye boila. Miaka yote imewaka na hatujafa, alijiambia.

Akabonyeza swichi. Kisha akafunga dirisha la jikoni, joto lisitoke.