Gauni la Kufagia Majani

“Fupisha, mama. Mpaka hapa.” Evarista aligusa juu ya goti, juu ya trakisuti yake.

Angelina hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. Tangu amzike mumewe ameshona sare za kwaya, mapazia ya hoteli, hata suruali za madereva wa watalii. Nguo ya kumwanika binti yake hajashona.

Kocha Leonce alikuja mwenyewe mpaka Karatu kumweleza, akamwonyesha picha kwenye simu. Wanawake wa kwanza wa tenisi walicheza wamevaa magauni yanayofagia majani. Baadaye yakapanda: kwenye vigimbi, magotini, na siku hizi mapajani kabisa.

“Wasichana wangu watavaa kama wale wa zamani,” alisema. “Heshima kwanza. Asiyevaa refu hachezi.”

Na atakayeshinda mashindano ya Jumamosi atasomeshwa Arusha bure. Angelina alimshukuru Mungu kwa kocha wa namna hiyo.

Brigita, jirani, alichungulia mlangoni. “Huyo anakwenda kucheza au kubatizwa?”

“Cheka tu, mama Yohana,” Angelina alimjibu.

“Nakuomba, mama,” Evarista alisema. “Siku moja tu.”

“Hata shetani huwa anaomba siku moja tu.”

Msichana akaivuta trakisuti chini mpaka visiginoni. Tangu arudi kutoka kambi ya kocha alikuwa hivyo. Anaoga amejifungia, analala na trakisuti. Ni umri, Angelina aliwaza, akaongeza pindo vidole viwili.

Jumamosi, kwenye uwanja wa hoteli moja njia ya kwenda geti la hifadhi, padre alifungua mashindano kwa sala. Wageni wakapiga makofi. Evarista akatoka chumba cha kubadilishia nguo na raketi mkononi.

Gauni lilikuwa limekatwa kwa mkasi, ovyo ovyo, juu ya magoti.

Makofi yakakatika. Angelina aliinuka uso ukimwaka kwa aibu, akifungua kitenge chake huku anakimbia. Arusha imekwenda, alijua. Lakini Leonce alimpita mbio, taulo mkononi.

“Mfunikeni!” alipiga kelele. “Mfunikeni haraka!”

Evarista hakukimbia. Alisimama katikati ya uwanja, akageuka polepole, akawapa watu mgongo.

Nyuma ya miguu yake, kutoka mapajani mpaka visiginoni, michirizi ya kuchapwa waya ilikuwa imepandana, mingine bado mibichi.