Sauti ya Lemayan

Siku hizo sheria ilitaka kila bunduki ya nyumbani itiwe sauti ya mtoto wa mwenye nayo. Ukiisahau na risasi ndani, mtoto huita kutoka kabatini, "Baba, risasi imo!" mpaka uitoe.

Mchana mmoja Lukumay alirudi kutoka machungani akamsikia Lemayan, mwanawe aliyefariki kwa homa mwaka jana. Asubuhi si aliitoa risasi kwa mkono wake mwenyewe?

Alimkuta mkewe kitandani, kaipakata bunduki.

"Mama Lemayan, nani ameijaza?"

"Mwache aongee kidogo, Baba Lemayan."

Lukumay alinyoosha mkono aitoe risasi, mkono ukagoma. Basi akapiga magoti, akasogeza sikio kwenye mdomo wa mtutu, amsikie vizuri.