Ndoo ya Wifi

Shufaa alikisugua kipande cha bomba la shaba kwa upindo wa khanga mpaka kikang'aa.

"Hili ndilo bomba, fundi. Watakaokuja watajua wameingia kwa nani."

"Zuri, dada," alisema Mbaraka. "Lakini shaba ni ghali, itaishia jikoni. La plastiki litafika mpaka kwenye uzio wa wifi yako."

"Nani kakwambia nataka kufika huko?"

"Hakuna. Nimeiona ndoo yake tu."

Ndoo ya Mkasi, wifi yake, ilikaa pembeni, jina lake limeandikwa ubavuni. Shufaa aliiazima siku waliyogombana, na hakuirudisha tena, maana chombo cha watu hakirudi kitupu, naye kiburi kilimnyima cha kutia.

Alikitazama kipande cha shaba, akamrudishia fundi.

"Weka la plastiki. Koki iwe pale uzioni."

Maji yalipofunguliwa, aliiosha ndoo, akaijaza mpaka pomoni. Upande wa pili ndala zilisikika zikija, zikasita, kisha zikaja tena. Shufaa akaiinua ndoo juu ya uzio, akaishikilia hapo, maji yakimchuruzikia mikononi.