Marehemu wa Mheshimiwa Kutsarov

Gencho mwenye duka aliongeza sauti ya televisheni, maana Mheshimiwa Kutsarov alikuwa amesimama bungeni, jambo lisilotokea kila mwaka. Wateja waliacha chupa zao wakatazama juu.

Mchango wake wa mwisho, katika mjadala wa maji, ulihusu nguruwe pori. Kabla ya hapo, shule za vijijini zilipokuwa zikifungwa, aliwapongeza wafugaji wa kondoo. Watu wa Suhodren waliendelea kumchagua kwa sababu mpinzani wake alikuwa mtu wa mjini. Safari hii hoja ilikuwa ambulensi, na hapo kijiji kilikuwa na shida ya kweli. Ile ya mjini ilipaswa kuvuka mlima, na theluji ikishaanguka mlima hauvukiki upesi.

"Nedelya Staykova," alisema Mheshimiwa, mkono kifuani. Akasimulia jinsi bibi huyo wa Suhodren alivyolala kitandani akiingoja ambulensi tangu alfajiri hadi jua likazama, akakata roho macho yakiwa dirishani. Waziri wa afya akavua miwani.

Dukani watu wote walimgeukia Bibi Mitovitsa, aliyekuja kununua mkate. Jina hilo maana yake ni mke wa Mito, kwani kule mwanamke akishaolewa jina lake hubaki kanisani. Alikuwa mjane wa majira ya baridi yaliyopita, na machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyafuta.

Gencho aliuliza kama ampigie simu Mheshimiwa amweleze alivyoyachanganya mambo. Habari ile aliiokota Siku ya Wafu, alipokuja makaburini kuomba kura, akawa anapita jiwe hadi jiwe akila ngano ya kuchemsha na kuonja rakia, pombe kali ya matunda, ya kila ukoo. Mawe ya kule hubeba mume na mke pamoja, picha mbili kwenye jiwe moja, na Mheshimiwa alipofika kwa akina Staykov macho yalikwisha kuwa mekundu.

"Yaache," alisema Mitovitsa. "Nyumba ile ilingoja, haikungoja?"

"Ilingoja."

"Gari lilikuja?"

"Halikuja."

"Basi leo kasema kweli kuliko siku zote. Mkimsahihisha gari hatulipati, na theluji hiyo iko njiani."

Hakuna aliyemsahihisha. Haukupita muda wakaarifiwa kwamba waziri mwenyewe angekuja na wapiga picha kuweka shada kaburini. Kijiji kikaingia kazini. Tangazo la kifo lenye picha ya Nedelya likabandikwa kwenye lango la akina Staykov, kama ilivyo ada. Vyungu vya maua vikapangwa mbele ya jiwe, vikubwa, hata nusu ya maandishi isisomeke. Padre Kliment alikataa katakata kusema uongo mbele ya msalaba. Baada ya kubembelezwa sana alikubali kuwaombea waliolala hapo na watakaolala hapo, basi.

Mitovitsa alichemsha ngano ya matanga mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Jirani yake Radka alisimama mlangoni akimchokoza.

"Tia sukari, marehemu alikuwa mlafi."

"Mlafi alikuwa, mmbeya hakuwa. Wambeya ni majirani zake. Kesho fungeni midomo."

Siku yenyewe waziri aliweka shada, akazitazama zile picha mbili, za vijana wa siku ya harusi, akauliza kama mwanamume naye amekufa. Mitovitsa akajibu kwamba ndiye aliyetangulia, na sauti ikamkatika. Hakuwa akiigiza. Mheshimiwa Kutsarov, aliyejua kamera ziko wapi, alimshika mabega, akamwita mama, akamwambia kwamba Nedelya hakufa bure.

"Mungu akusikie, mwanangu," alisema bibi.

Ngano ikapitishwa, waziri akala na kusifu. Kisha akatamka mbele ya wapiga picha kwamba Suhodren itapata ambulensi yake kabla ya theluji, nayo itabeba jina la marehemu.

Ikaja. Nyeupe, mpya, ubavuni imeandikwa NEDELYA kwa herufi nyekundu. Ikawekwa nyuma ya kanisa pamoja na dereva wake kutoka mjini, mtu mzima mwenye masharubu, ambaye kijiji kilimpa jibini na asali na hakikumweleza lolote. Mheshimiwa alirudi bungeni, hoja ikiwa ujenzi wa barabara, akazungumzia nyuki.

Asubuhi ya theluji ya kwanza Mitovitsa alitoka kuchukua kuni, akateleza kwenye ngazi, nyonga ikavunjika. Alilala pale barafuni akiutazama mlima, na kwa mara ya kwanza tangu amzike Mito akaogopa. Radka akapiga simu. Hata hajapata blanketi la kumfunika, gari likawa langoni.

Dereva alimpakia taratibu, akamfunga mikanda, akamuuliza jina lake kamili, lile la kanisani, maana hospitalini hawatamjua Mitovitsa.

"Nedelya Staykova."

Dereva akateremka, akatazama ubavu wa gari lake, akarudi kumtazama bibi.

"Aliyengoja akafa ni Mito wangu," alisema bibi. "Jiwe lina picha mbili na maiti mmoja, yangu bado inaningoja, Mheshimiwa akachagua vibaya. Sasa endesha, baba, usije ukamfanya akawa msema kweli."