Marufuku ya Kuanika Nguo

"Halmashauri ya mji inawatangazia wananchi wote kwamba Alhamisi, kuanzia saa nne hadi saa sita mchana, ni marufuku kuanika nguo juu ya paa."

Bi Salme, dobi wa hospitali, aliandika siku na saa hizo daftarini. Setelaiti za hali ya hewa zilisifiwa redioni wiki nzima. Nyingine, zisizotajwa, zilirushwa kwa roketi kimyakimya kutoka nyuma ya vilima, zikaacha masizi juu ya nguo zilizoanikwa. Barazani watu walibishana zinampeleleza nani. Bi Salme alijua saa ya kurushwa tu, na kila alipowatajia hakuwahi kukosea.

Ofisa usalama akampandia juu ya paa hadi kwenye kamba zake za kuanikia.

"Mama, nani anakuvujishia siri? Sema, usije ukalala ndani."

"Nyinyi, mwanangu. Mnatutangazia wenyewe."

Ofisa akalifungua daftari: marufuku kumi na tisa, roketi kumi na tisa. Akalisoma mara mbili, kisha akamrudishia kwa mikono miwili.

Halmashauri ikaamua tangazo lisomwe kila asubuhi, ili siku ya roketi isijulikane. Kufikia siku ya tano mji mzima ulikuwa umekwisha kulipuuza. Ndipo Bi Salme, shuka zake zikipepea, alipomwona mke wa ofisa, paa la jirani, akianua nguo mbiombio. Akalichukua daftari kwanza, shuka baadaye.