Neno la Getini

Dereva alishusha kioo akalitaja neno: "Kifaranga. Mimi ni mjomba wao."

Ndilo lenyewe. Katika shule hii ya masista, kila familia ilikuwa na neno lake la siri, na asiyelijua hachukui mtoto, hata aje na suti na tai. Sista wa zamu akaitikia kwa kichwa. Nyuma, foleni ya magari ilipiga honi kama msafara wa harusi, na mvua ilishaanza kudondoka.

"Haya mama, mjomba kawafuata. Pandeni upesi," alimwambia msichana aliyekuwa kamshika mkono, mdogo wake akiwa kando.

Lakini mkono wa msichana haukumwachia. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, vinanata kwa pipi, na vilizidi kukaza.

"Mbona hivyo, mwanangu? Si mjomba wako?"

"Simjui, Sista."

"Sasa neno kalijuaje?"

Msichana alitazama viatu vyake. "Nilimwambia rafiki yangu tu. Yule ninayecheza naye gemu kwenye simu ya mama. Alisema na yeye yuko darasa la tatu."

 Sista akamtazama tena dereva. Alikuwa anatabasamu, mkono mmoja kwenye gia.

"Usiogope, huendi popote," Sista alimnong'oneza, akamvuta ubavuni. "Mdogo wako yuko wapi?"

 Msichana alinyoosha kidole kwenye gari.

Mlango wa nyuma ulikuwa umeshafungwa. Ndani, mdogo wake alikuwa anafunga mkanda, taratibu, kama Sista mwenyewe alivyowafundisha.