Humu Hatupigi Misumari

Pigo la tatu ndilo lililomponza. Mama mkwe alilisikia akiwa bombani, akarudi na ndoo nusu tupu.

"Unapiga nini humu ndani?"

Mkamwana wake alikuwa na mchi wa kinu mkononi. Mbele yake, kwenye ukuta unaotazama mlango, msumari ulikuwa umeingia nusu, ukapinda kama kidole cha mgonjwa wa baridi yabisi.

"Neti ya mtoto, mama. Mbu wanammaliza."

"Ung'oe."

Aliuvuta mpaka kiganja kikachubuka. Haukutoka. Wakasogeza kabati likaufunika, na neti ikafungwa kwenye dirisha.

Sheria ya mama mkwe ilikuwa hiyo moja: humu hatupigi misumari. Mtaa wao wa zamani ulibomolewa ili zijengwe nyumba mpya, wao wakasogezwa kwenye vibanda vya mbao, safu kwa safu, chini ya kilima kilicholiwa ubavu na wachimba kokoto. Ni kwa muda tu, waliambiwa. Waziri wa kwanza alisema subirini mvua zipite. Zikapita, naye akapita. Wa pili alileta mchoro wa rangi na chupa za maji ya kunywa. Wa tatu aliuliza hawa ni akina nani, na nani kawaweka pale. Baba mkwe, seremala wa watu, akafia humo humo akiulizia lori la kuwahamisha. Picha yake ikalala kifudifudi sandukuni.

"Mume wangu simtundiki kwenye kibanda," mama mkwe alisema kila alipoulizwa. "Siku nikipata ukuta wangu, yeye ndiye wa kwanza kupanda."

Kisha, uchaguzi ulipokaribia, ofisa wa nyumba akapita na kipaza sauti. Fungasheni. Vibanda vinaondoka, nyumba zimepatikana. Kwa sasa mtalala madarasani, shule zimefungwa.

"Tunaweza kwenda kuziona hizo nyumba?" mama mkwe alimuuliza.

"Mama, umesubiri miaka yote hiyo, likizo moja ndiyo ikushinde?"

Likizo ilipokaribia kwisha, malori yakaja kuwachukua shuleni. Yalifunikwa turubai pande zote, na mawinguni hakukuwa na dalili ya mvua.

"Mbona mnatufunika kama kuku wa mnadani?"

"Vumbi, mama," dereva alisema bila kumtazama.

"Vumbi gani," alidakia kinyozi, jirani yao tangu mtaa wa zamani. "Anaogopa tutaijua njia, kesho tumfuate kwake."

Watu wakacheka gizani. Lori lilikata kona, likakata nyingine, likapanda, likashuka. Mtoto akatapika.

Walishushwa mbele ya geti jipya. Tarumbeta zilikuwa zinalia. Kwa nje kuta zilikuwa na plasta nyeupe, mapaa yalikuwa mekundu, na lami ya barabara bado ilikuwa inanuka. Waziri wa nne alikata utepe, akasema wengine waliahidi, yeye amejenga. Kamera zikamwelekea mama mkwe alipopokea ufunguo. Akapiga goti. Yeye, aliyekuwa akiwatukana wote wanne tangu asubuhi.

Mkamwana alikuwa anatazama juu ya mapaa.

"Mama, kile kilima."

"Kina nini?"

"Kimeliwa ubavu."

"Wachimba kokoto wako kila mahali. Leo usinianzie."

Mlango ulifunguka kwa msukumo mdogo. Ndani kulinuka rangi mbichi hadi macho yakawasha. Mama mkwe alivua viatu kizingitini, akafungua sanduku, akamtoa mumewe, akakifuta kioo cha picha kwa upindo wa gauni. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

"Umefika, baba," aliiambia picha. Kisha akamgeukia mkamwana. "Ukuta unaotazama mlango. Kachukue mchi wako. Leo nimekuruhusu."

Mkamwana alipapasa ukuta, akitafuta mahali pazuri. Mkono ukasimama. Akakwangua rangi kwa ukucha, taratibu, kisha akabaki vile vile, kampa mkwewe mgongo.

"Sasa unangoja nini? Piga."

"Mchi hauhitajiki, mama," alisema. "Msumari upo. Umepinda."